Herufi za Baada ya Saa Tano

Jina la Rula alipewa na watu waliotaka kumcheka, likaishia kuwa sifa. Alipoanza kazi ya kuandika mabango, mafundi wenzake walikuwa wakipima ukuta kwa futi, wakipiga mstari kwa uzi wenye chaki, wakirudi nyuma na kufumba jicho moja. Yeye alisimama mbele ya ukuta kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, akaweka alama tatu nne za mkaa, kisha akachovya brashi. Herufi zikatoka zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa mkasi. "Huyu rula ameimeza," akasema mmoja wao. Jina likamkaa, naye akalizoea, mpaka mwaka huu alipotangulia mbele ya haki, Mungu amlaze mahali pema.

Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Pacha tangu alipojifungua wasichana wawili kwa mpigo, alimpenda kwanza kwa bango. Hilo alilisema mwenyewe bila haya. Alikuwa binti anayepiga pasi kwenye duka la dobi, na siku moja mwenye duka akaleta fundi wa kuandika jina juu ya mlango. Binti akawa anapiga pasi huku macho yakiwa dirishani, mpaka akaunguza kola ya shati la mteja. Fundi akashuka ngazi, akalitazama shati, akasema, "Hiyo kola ukinisingizia mimi sitakataa." Haikupita hata miezi minane wakaoana.

Siku hizo mtaa mzima ulisomeka kwa mkono wake. Bucha, saluni, duka la viatu, shule yenye geti la bluu, fundi redio, wote walikuwa wamepita kwenye brashi ya Rula. Mabango ya plastiki yanayotoka kwenye mashine na kupauka kabla ya mwaka kuisha yalikuwa hayajaja. Mama Pacha akitoka kazini jioni alipita barabara ileile, akimsoma mumewe duka hadi duka. Aliijua M yake, imetanua miguu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Aliijua S yake, ambayo hakuna fundi mwingine aliyeiweza bila kuifanya ionekane imekunywa. Na akifika nyumbani alimkuta ananuka thina ya kuzimulia rangi, ana vitone vya rangi kwenye kope, watoto wakimgombania mikono ili wajue siku hiyo ameandika kwa rangi gani. Makopo yalijaa chini ya meza ya kulia, na kila aliyekaa kula alikuwa na kopo katikati ya miguu. Mama Pacha alinung'unika juu ya makopo hayo kwa miaka kumi na tisa. Leo angelipa vyote alivyonavyo ajikwae tena kwenye moja.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Mwaka ule pacha walipokuwa darasa la sita, Rula alianza kupungua. Suruali zake Mama Pacha alizibana kiunoni mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akatoboa mkanda kwa msumari. Ngozi yake ikawa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, ilhali miezi hiyo alikuwa akifanya kazi ndani, kivulini. Akawa anaramba chumvi. Alichota kidogo kutoka kwenye kopo la jikoni, akaiweka kiganjani na kuiramba huku akitazama pembeni, na mkewe alipomuuliza akasema mdomo wake una ladha ya bati.

Jirani yao, seremala, mtu asiyeweza kupitisha siku bila kumchokoza, alimwambia, "Rula, ukiendelea hivyo tutakuanika juani pamoja na samaki."

"Anza kutengeneza chanja," Rula akajibu. "Najua wewe ukipewa kazi unachukua mwaka."

Asubuhi moja aliinuka kutoka kwenye sala akaanguka chini kimya, paji la uso likigonga ukingo wa kiti. Mama Pacha akamshika. Mwili wa mumewe ulikuwa umelowa jasho la baridi. Ndipo wakaenda hospitali kubwa, akapimwa, wakarudi, akapimwa tena, hadi wakafika kwa daktari wa homoni.

Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, sauti yake ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alichora figo mbili kwenye karatasi, akazivika kila moja kofia.

"Hizi kofia ni tezi," akasema. "Ndogo, lakini ndizo zinazotoa kile kinachomwamsha mtu asubuhi, kinachozuia presha isianguke, kinachoufanya mwili ustahimili kazi na homa. Zako zimeacha kazi. Kwa hiyo tutakupa kwa kidonge kile ambacho mwili ulikuwa ukijitengenezea wenyewe. Ni dawa ya aina ya steroidi."

"Mpaka lini, daktari?"

"Kila siku ya maisha yako. Usiruke hata moja. Ukipata homa kali, siku hiyo unameza mara mbili, na unakuja kwangu."

"Na kipimo chake?"

"Kidonge kimoja na nusu asubuhi, nusu saa kumi alasiri. Tunaanzia hapo, tutarekebisha. Miili haifanani."

Waliyashika yote aliyosema isipokuwa hayo maneno mawili ya mwisho.

Wiki ya kwanza ilikuwa muujiza, na Mama Pacha alimshukuru Mungu kwa kufunga siku nzima. Rula alikula. Alicheka. Aliimba akioga, na wimbo wenyewe ulikuwa ule ambao mkewe alikuwa ameuchoka tangu uchumba, akausikiliza nyuma ya mlango huku ameziba mdomo kwa khanga. Lakini kufikia mwezi wa pili mambo yakaanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Siku moja mzima, siku ya pili nusu mtu. Asubuhi anabeba ngazi peke yake, mchana hawezi kubeba kopo.

Katika nyumba ile hakuna aliyetia kitu kinywani kabla ya sala ya asubuhi, na hakuna aliyemeza dawa kabla ya kula. Amri ya kwanza Mama Pacha aliipata kwa Mungu, ya pili kwa mama yake mzazi, na zote mbili alizishika kwa uzito uleule. Dawa kwenye tumbo tupu inaunguza utumbo, mama yake alisema hivyo, na mama yake alizika watu wengi waliobisha. Sasa sala za Rula nazo hazikuwa fupi. Aliwaombea watoto, wazazi, majirani, wateja mmoja mmoja, hata aliyemtukana wiki iliyopita alipata sehemu yake. Baada ya sala, chai ichemke, mayai yakaangwe, mkate ukatwe. Kidonge kilichotakiwa saa kumi na mbili kilifika kinywani karibu na saa mbili, juu ya tumbo lililojaa, baada ya mtu kusimama na kupiga magoti akiwa hana kitu mwilini cha kumshikilia.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi duka la dobi lilifungua mapema kwa ajili ya nguo za harusi, na Mama Pacha aliondoka alfajiri. Rula akabaki peke yake, akafanya wanavyofanya wanaume walioachwa peke yao. Alimeza kidonge kwa maji baridi kabla hajatoka kitandani, akasali kwa kifupi, akaenda kazini na kipande cha mkate mfukoni. Kidonge kilekile, mtu yuleyule, lakini siku moja dawa ilipenya kwa kusuasua na siku nyingine iliingia mbio. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo. Rula mwenyewe alidhani Jumamosi ni siku yake ya bahati.

Hata hivyo, iwe siku ya bahati au siyo, saa tano ikipita kitu kilikuwa kinamtoka. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama mtu amechomoa kizibo kwenye kisigino chake. Mkono haukutetemeka. Ulichelewa tu. Aliiambia brashi ikate kona, nayo ikakata baadaye kidogo kuliko alivyotaka.

Fundi aliyejulikana kwa kutotumia rula hawezi kwenda kusema mkono wake unachelewa. Rula akabuni ujanja ambao ni yeye pekee angeufikiria. Aliacha kuandika bango kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asubuhi, mkono ukiwa wake, aliandika kwanza herufi zote za mviringo, S na B na G na R na O, kila moja mahali pake, akiacha mapengo. Herufi za miti, I na L na T na H, alizibakiza kwa ajili ya mchana, akizisaidia kwa fimbo ya kuegemezea mkono.

Seremala alisimama chini ya bango la duka la viatu akilitazama, mikono nyuma. "Rula, siku hizi unaandika kama mtoto kwenye mtihani? Unaruka maswali magumu?"

"Mimi naanza na magumu."

"Ala. Basi mwalimu atakuona una akili."

Na kila alipokwenda kliniki, daktari alipomuuliza anajisikiaje, alijibu kwamba yuko sawa. Mama Pacha aliyekaa kando alimtazama, akanyamaza. Si mila ya mke kumwaibisha mume mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, ndivyo alivyojiambia. Baadaye alilijutia hilo kuliko mambo mengine mengi.

Kisha Rula akafanya jambo la pili. Kwa akili ya fundi, ukuta usiofunikwa na koti moja la rangi unataka koti la pili. Akajiongezea dawa. Kwanza nusu kidonge, kisha kizima, kila asubuhi pamoja na vile vya daktari. Uso ukamvimba ukawa wa duara, mashavu ya mtoto wa miezi sita. Akawa analala vibaya, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni, anagombana na pacha kwa sababu ya kijiko. Na bado mkono ulichelewa mchana. Mama Pacha aligundua alipoona pakiti ya mwezi imeisha siku ya ishirini.

"Hivi vidonge vimekwenda wapi?"

"Vimekwenda vinakokwenda vidonge."

"Baba Pacha, mimi si mtoto."

Akasema ukweli, lakini robo yake tu. Na kabla hajasema robo ya pili, alianguka. Ilikuwa saa saba, kwenye duka lilelile la viatu, akimalizia T ya mwisho ya bango la pili. Alifika chini na ngazi, kopo na fimbo, rangi nyekundu ikamwagika mpaka watu wakapiga mayowe wakidhani ni damu. Mungu alikuwa naye. Bega liliteguka, basi.

Jioni hiyo mkewe alimkanda bega kwa maji ya moto akasema, "Ngazi basi."

"Basi vipi?"

"Basi ni basi. Utaandika vibao vidogo mezani. Namba za milango. Utakaa chini."

Rula aliacha maji yamchuruzike mgongoni. "Kamati ya nyumba ya ibada imenipa ukuta wa mbele," akasema hatimaye. "Maneno ishirini na nane."

"Maneno?"

"Herufi. Herufi ishirini na nane, kila moja ndefu kuliko wewe. Mwenyekiti amesema nikishindwa watapeleka kwa wale wa mashine. Nikikaa chini, mama, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mgonjwa tu anayesubiri saa ya dawa."

Mama Pacha aliendelea kumkanda. Aliona wazi kwamba akishinda katika ubishi ule angebaki na mume hai ambaye hayupo, na akishindwa angeweza kumzika. Akamwambia Mungu, kimoyomoyo, kwamba yeye hajui, na kwa kuwa hajui atafanya lile moja ambalo hakuwahi kulifanya. Kliniki iliyofuata, daktari alipouliza, na Rula alipofungua mdomo kusema yuko sawa, mkewe akamtangulia.

"Hayuko sawa, daktari. Anakudanganya, na mimi nimekuwa nikikaa hapa kumsaidia kukudanganya."

Daktari hakukasirika. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme," akasema. "Njooni."

Akawatoa nje kwenye korido ndefu ya hospitali. Milango yote ya korido ile ilikuwa imeandikwa na Rula miezi mitatu iliyopita, kwa siku moja, na hapo ujanja wake wa herufi za mviringo haukufanya kazi kwa sababu alikabidhiwa mlango mmoja mmoja, amalize huu ndipo apewe mwingine.

"Mimi napita hapa kila siku," daktari akasema. Akasimama kwenye mlango wa kwanza. "Hii MAPOKEZI uliandika saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu," Rula akasema.

"Nzuri. Na MAABARA?"

"Saa tatu hivi."

"MACHO?"

"Saa nne."

Zote zilisimama sawasawa, Mama Pacha akazitambua kama anavyotambua sauti. Walipofika MENO, Rula mwenyewe akapunguza mwendo. N ilikuwa imeegemea upande kama mtu aliyechoka foleni. Kwenye WATOTO zile O mbili hazikuwa ndugu. Moja duara, ya pili yai. Kwenye DAWA, A ya mwisho ilikuwa na mguu mfupi.

"Saa tano. Saa saba. Saa tisa," Rula akasema kabla hajaulizwa, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwisho wa korido palikuwa na mlango wa SINDANO. Herufi zake zilikuwa zimenyooka tena, S imesimama kifua mbele. Daktari akaigusa kwa kidole. "Hapa umerudi. Hii ilikuwa baada ya kile cha saa kumi, siyo?"

Rula akaitikia kwa kichwa. Akatazama nyuma kwenye korido yote, milango saba, siku yake nzima imeandikwa ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Nilidhani hakuna anayeona," akasema.

"Mimi sijui kusoma mabango," daktari akasema. "Najua kusoma damu. Sasa tutaisoma damu, tuone kama zinasema kitu kimoja."

Wiki chache baadaye, baada ya kumshusha taratibu kutoka kwenye vidonge alivyojiongezea, walimkalisha hospitalini tangu alfajiri hadi jioni. Alimeza dawa mbele ya muuguzi, kisha wakamtoa damu kidogo kila saa kupitia kipira chembamba kilichochomekwa kwenye mshipa wa mkono. Mama Pacha alikaa naye akisali na kufuma kitambaa. Ilipofika saa sita Rula akawa mweupe midomoni, akasema, "Sasa. Sasa hivi kizibo kimetoka." Mkewe akaandika saa kwenye kiganja chake.

Majibu yalipotoka, daktari aliwachorea mlima. Upande mmoja ulipanda wima, upande wa pili ukaporomoka. "Mwingine dawa hii huingia polepole na kukaa," akasema. "Wewe mwili wako unaipokea haraka na kuimaliza haraka. Kufikia saa sita hakuna kitu. Ukila kwanza, inachelewa kuingia, usipokula, inaruka. Kwa hiyo kila siku ulikuwa mtu mwingine."

Rula alitazama ule mlima. "Ni rangi iliyozidishwa thina," akasema. "Inakwenda vizuri kwenye brashi, halafu inateremka ukutani."

"Na wewe ukawa unaongeza rangi juu yake."

"Nikawa naongeza rangi."

"Hatuongezi. Ni vidonge viwili kwa siku, kama mwanzo. Tunavigawa upya. Kimoja ukiamka, nusu saa sita, nusu saa kumi. Na kile cha kwanza umeze kabla miguu haijagusa sakafu. Mama, weka maji na kidonge kando ya kitanda."

Mama Pacha akashtuka. "Kabla ya kula, daktari? Na kabla ya sala?"

"Sala fupi inakitosha kidonge. Ile ndefu aifanye akiwa na nguvu za kusimama. Akitaka kipande cha mkate akile, lakini asikingoje. Na iwe hivyohivyo kila siku, hata Jumamosi."

Njiani kurudi Mama Pacha alikunja vidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa akihesabu asubuhi zote ambazo alimzuia mumewe asimeze kwa sababu chai haijachemka. Usiku huo alimwomba Mungu amsamehe ukaidi ambao kwa miaka yote aliuita utii. Asubuhi, glasi ilikuwa kando ya kitanda.

Lakini kipimo hakipatikani kwa siku moja. Seremala alikuwa na mlango wa kabati uliooza chini. Rula akauomba, akauegemeza kibarazani, na kila saa kuanzia asubuhi hadi jioni akaandika juu yake S moja. S tu, kwa sababu ndiyo isiyosema uongo. Kila siku mstari mmoja wa S. Jioni Mama Pacha alirudi kazini, akaweka mkoba chini, akasoma mstari kabla ya kusalimia watoto.

"Ya saa tano imelala," alisema.

"Haijalala. Imejinyoosha kidogo."

"Imelala, Baba Pacha. Inakoroma."

Walibeba mlango mzima kwenda kliniki, seremala akiushika upande wa pili, watu wakidhani wanahama. Daktari aliutazama akacheka mpaka akakaa. Kisha akarekebisha: nusu ya saa sita ikahamia saa nne na nusu, kabla ya utupu badala ya baada yake, na ya saa kumi ikasogea hadi saa tisa na nusu. Wiki mbili baadaye S zilisimama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na damu ikasema vilevile. Uso wa Rula ukarudi uso wake. Siku moja pacha walimwambia kwamba ameanza tena kufanana na picha ya ukutani.

Bado kulikuwa na ukuta. S ya kibarazani huiandiki ukiwa juu ya jukwaa, jua usoni, rangi ikikauka haraka kuliko unavyotaka. Mwenyekiti wa kamati alikuja nyumbani, akanywa chai, akazunguka maneno.

"Ndugu yangu, sisi tunakupenda. Lakini ukianguka pale, mbele ya nyumba ya Mungu, tutasema nini?"

"Mtasema nilianguka," Rula akajibu. "Nipe siku mbili. Siku ya pili jioni, ukikuta herufi moja imeegemea, lete mashine yako ifunike zote."

Maneno yalikuwa INGIENI KWA AMANI kwenye mstari wa juu, MTOKE KWA AMANI kwenye wa chini. Seremala alijenga jukwaa akiipiga teke kila nguzo mara kumi. Siku ya kwanza ikaenda salama, ingawa herufi nyingi za juu Rula alizifanya asubuhi. Siku ya pili alichelewa kuanza kwa sababu ya manyunyu, akaandika kwa mpangilio, bila kuruka, M kisha T kisha O.

Mama Pacha aliomba ruhusa kazini akaja kusimama chini na saa yake. Ilipofika saa nne na dakika ishirini na tano aliona mkebe wa dawa na chupa ya maji viko chini, juu ya mfuko wa saruji, alikovisahau mumewe.

"Shuka umeze," akapaza sauti.

"Siwezi. Niko katikati ya O. Nikiiacha ikauke itabaki na kovu."

"Mwenyekiti ampelekee," seremala akasema. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kukagua, akatazama ngazi, akatazama kitambi chake, akatazama viatu vyake vipya.

Mama Pacha, ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti, alifunga khanga kiunoni, akaweka mkebe kifuani, akasema jina la Mungu na kushika ngazi. Aliisema sala moja kwa kila kidato. Alipofika juu aligawa kidonge kwa kucha, akamtia mumewe nusu mdomoni, kwa sababu mikono ya mume yote miwili ilikuwa na kazi, akamnywesha maji. Kisha akatazama chini ili ashuke, na miguu yake ikakataa.

"Nenda, umeshafanya vizuri," Rula akasema.

"Siendi popote."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Nimependa hapa."

Alikaa kwenye ubao, mgongo ukutani, ameshika nguzo kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Chakula cha mchana seremala aliwapandishia kwa kamba na ndoo. Saa tano ikapita. Mama Pacha hakuthubutu kutazama chini, kwa hiyo hakuwa na pa kutazama isipokuwa mkono wa mumewe, umbali wa dhiraa moja na uso wake. Aliutazama saa sita. Aliutazama saa saba, saa ambayo ilikuwa imemwangusha. Brashi ilipanda mguu wa K, ikarudi katikati, ikashuka, ikafika konani na kugeuka papo hapo, bila kuchelewa. Mumewe alikuwa akiimba ule wimbo, chini kwa chini, maneno ya ubeti wa pili akiyakosea kama alivyoyakosea siku zote.

Saa tisa na nusu alimgawia nusu ya mwisho. Saa kumi na robo akamaliza I ya mwisho, akafuta mikono, akakaa kando yake. Chini mwenyekiti alikuwa amerudi nyuma hadi barabarani, shingo imeinuka, akisoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha tena, akitafuta herufi iliyoegemea.

"Mwambie aje na rula," Rula akasema.

Mama Pacha akacheka, na alipocheka aligundua kwamba machozi yanamtoka.

"Sasa tunashukaje?" akauliza. "Sijui kushuka."

"Mimi naanza," mumewe akasema. "Nitakuwa chini yako. Nitakushika kisigino, nitakuonyesha pa kukanyaga."

Akageuka, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akateremka kimoja, akasubiri. Kisha mkono wake, wenye rangi ya bluu mpaka kwenye vifundo vya vidole, ukamshika mkewe kisigino na kukiongoza mpaka kwenye kidato.